Poda ya protini ya kujaza misuli na kuongeza uzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila siku, mengine yanatoka kwa wembamba wanaotaka miraba minne, mengine kwa watu ambao washanunua kopo zima na ndo saivi wanauliza walifanyie nini. Majibu hayalingani urefu, pale penye kuliwa hela yako nimekaa zaidi.

Nikinywa poda tu bila kupiga tizi, misuli itaongezeka?

Hapana. Misuli inakua kwa sababu umeipa mzigo mzito kuliko iliyozoea, ikala, ikapumzika. Poda ni chakula kilichokaushwa, basi. Ukinywa bila mazoezi na kalori zikazidi zile mwili unazotumia, uzito utapanda kweli ila sehemu kubwa itakuwa mafuta, na kwa wanaume wengi yanaanzia tumboni, kwa hiyo unatoka kimbaumbau unakuwa kimbaumbau mwenye kitambi.

Kwa siku natakiwa nipate protini kiasi gani?

Mtu wa kawaida ambaye hana mpango wa kujaza mwili anaambiwa gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Anayebeba vyuma anahitaji zaidi. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilitoa uchambuzi uliokusanya tafiti 49, na kwa wastani faida ya kuongeza protini ilionekana kufika mwisho kwenye gramu 1.6 kwa kilo, ingawa wengine wanaweza kufaidika mpaka kama 2.2 hivi. Yaani mtu wa kilo 60 zidisha mara 1.6 unapata gramu 96 kwa siku. Wale wanaokwambia kula gramu 4 kwa kilo, mara nyingi ndo haohao wanaokuuzia kopo.

Sasa nitajuaje kama nahitaji poda au chakula changu kinatosha?

Hesabu. Najua inachosha ila fanya siku tatu nne tu, andika kila kinachoingia mdomoni. Yai moja lina kama gramu 6 za protini, glasi ya maziwa ya mililita 250 kama 8, nyama iliyopikwa gramu 100 inatoa 25 mpaka 30, maharage yaliyopikwa gramu 100 kama 8 au 9. Chukua huyo wetu wa kilo 60: mayai 3 (18), glasi 2 za maziwa (16), maharage gramu 200 (17), nyama gramu 100 (26), jumla 77 na hapo hatujagusa protini ndogondogo iliyo kwenye nafaka. Anapungukiwa na kama gramu 19, hiyo ni skupu moja (kile kijiko cha kupimia kinachokuja ndani ya kopo) ya poda kwa siku na si tatu kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Mwingine akihesabu anakuta amefika kabisa, huyo kinachomkwamisha ni kalori, na kalori hazihitaji poda ya bei mbaya.

Kwa maoni yangu hili swali ndo la kwanza kuliko yote, na ndo watu wanaliruka kwenda kuuliza ladha gani tamu.

Wei, kaseini, soya… zinatofautiana nini?

Wei na kaseini zote zinatoka kwenye maziwa. Protini ya maziwa ya ng'ombe karibu asilimia 80 ni kaseini na 20 ni wei, na wei yenyewe ni yale majimaji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini. Wei inasagika haraka tumboni na ina leusini nyingi, hii ni amino asidi (amino asidi ni vipande vidogo vinavyounda protini) inayowasha ule ujenzi wa misuli. Kaseini inaganda tumboni na kuachia protini polepole kwa masaa kadhaa, ndo maana wengine wanainywa kabla ya kulala. Soya ni ya mimea na amino asidi zake zimekamilika. Kwa mtu anayeanza na ambaye maziwa hayamsumbui, wei inatosha, asijichanganye.

Na wei yenyewe nakuta imeandikwa konsentreti, isoleti, haidrolaizeti. Nichukue ipi?

Konsentreti mara nyingi ina protini asilimia 70 hadi 80, inayobaki ni laktosi (sukari ya maziwa), mafuta kidogo na maji. Isoleti imechujwa zaidi, inafika asilimia 90 na laktosi inabaki kidogo sana. Haidrolaizeti imeshakatwakatwa kiwandani ili ifyonzwe haraka, ni ghali na inaacha uchungu mdomoni, na kwa mtu wa kawaida sijaona sababu ya kuilipia.

We unayetaka kuongeza uzito chukua konsentreti. Isoleti wanaitangaza kwa kupunguzwa mafuta na sukari ya maziwa, sasa wewe unakimbia kalori au unazitafuta? Iache kwa ambao maziwa yanawasumbua tumbo au wanaobana kalori.

Mi mwembamba sana, nakula lakini sinenepi. Si bora ninunue geina moja kwa moja?

Hapa tulia kidogo. Geina ni poda ya protini iliyoongezewa wanga mwingi, na mara nyingi wanga huo ni maltodekstrini, unga wa wanga uliovunjwavunjwa ambao kiwandani ni rahisi kuupata na unapandisha sukari ya damu haraka. Tuseme kwenye kopo wameandika kwa herufi kubwa KALORI 1,250 na PROTINI GRAMU 50. Geuza nyuma uone kipimo kimoja ni kiasi gani, unakuta gramu 330, yaani theluthi ya kilo kwa mkao mmoja, na ndani yake wanga ni gramu 250. Kopo la kilo 3 linatoa vipimo 9. Siku tisa limeisha. Na ukipiga asilimia, protini ni gramu 15 tu kwa kila gramu 100 za unga, wakati wei ya kawaida inakupa 75 au 80.

Sisemi geina ni utapeli, kalori zake ni za kweli na zinanenepesha, ila umelipia wanga kwa bei ya saplimenti. Inamfaa mtu ambaye kweli hana muda wala jiko, yuko njiani siku nzima, au hamu ya kula hana kabisa na kunywa ndo kunakowezekana. Hata huyo aanze na nusu kipimo kwa sababu kipimo kizima siku ya kwanza tumbo linaunguruma mpaka majirani wanasikia.

Na hiyo "nakula lakini sinenepi", wengi wakihesabu vizuri wanakuta hawali kama wanavyodhani, wanashiba sana mchana afu wanaruka asubuhi na usiku. Lakini kama kweli unakula vizuri na uzito unashuka wenyewe, au una homa za jioni, kikohozi kisichoisha, kiu na mkojo kila saa, moyo kwenda mbio, achana na mambo ya poda kwanza, nenda kapime. Kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingo iliyozidisha kazi, minyoo, vyote vinakondesha na hakuna geina inayovitibu.

Naweza kutengeneza geina yangu mwenyewe?

Ndo ninayoshauri. Kwenye blenda weka maziwa yenye mafuta yake mililita 400, oti kavu gramu 80, ndizi moja mbivu, siagi ya karanga vijiko viwili vikubwa na skupu moja ya wei. Hapo una kama kalori 950 na protini gramu 55 hivi, na wanga wake una nyuzinyuzi, sio maltodekstrini tupu. Saga oti peke yake kwanza zikiwa kavu mpaka ziwe unga, la sivyo utakuwa unatafuna badala ya kunywa. Ikikushinda mara moja gawa, nusu asubuhi nusu usiku, ila weka kwenye friji.

Lebo naisomaje? Mi naangalia picha ya jamaa mwenye kifua tu.

Picha iache, huyo kifua chake hakikutoka kwenye hilo kopo. Angalia vitu hivi.

Kwanza ukubwa wa kipimo na protini ndani yake. Kipimo cha gramu 30 chenye protini 24 ni asilimia 80, safi. Kipimo cha gramu 45 chenye protini hizohizo 24 ni asilimia 53, hapo kuna unga mwingine umejaza nafasi. Ujanja wa kawaida ni kuandika mbele namba kubwa ya protini halafu kwa maandishi madogo wanasema hiyo ni kwa skupu mbili.

Pili, orodha ya viambato. Kinachotajwa mwanzo ndo kingi kwa uzito. Ikiwa mbele wameandika wei na kiambato cha kwanza ni maltodekstrini au sukari, ushajua.

Tatu, bei kwa gramu ya protini, sio bei ya kopo. Idadi ya vipimo zidisha na gramu za protini kwa kipimo, kisha bei igawanye kwa jibu. Kopo linaloonekana rahisi mara nyingi linaishia kuwa ghali, na hili hutaliona mpaka ushike kikokotoo palepale dukani.

Ukikuta maneno kama "mchanganyiko maalumu" bila kuonyesha gramu za kila kitu ndani, mi huwa narudisha kwenye rafu.

Nasikia protini inachakachuliwa. Inachakachuliwaje wakati imepimwa maabara?

Kipimo chenyewe ndo kina mwanya. Njia ya zamani inayotumika sana inaitwa Kjeldahl, haihesabu protini moja kwa moja, inapima naitrojeni kisha wanazidisha kwa 6.25 kupata protini (kwa maziwa wanatumia 6.38). Sasa chochote chenye naitrojeni kitasomeka kama protini. Mtengenezaji asiye mwaminifu anatia glisini, taurini au kriatini (saplimenti ya nguvu za mazoezi), ambazo bei yake iko chini kuliko wei, namba inapanda kwenye lebo na misuli yako haipati kitu cha maana. Mwanya huohuo ndo ulitumika China kwenye maziwa ya watoto mwaka 2008, walitia melamini, kemikali ya plastiki yenye naitrojeni nyingi, watoto kama 300,000 wakaugua na sita wakafa.

Kwa mnunuzi dalili ni hizi: glisini au taurini imetajwa kwenye viambato vya poda inayojiita wei, au jedwali la amino asidi halipo. Likiwepo tafuta leusini, kwenye gramu 25 za protini ya wei inatakiwa iwe kama gramu 2.5. Ikiwa 1.5 kuna mchezo.

Nitajuaje ni orijino na si feki?

Sili ya chini ya kifuniko iwe nzima, namba ya bachi (kundi lililotengenezwa pamoja kiwandani) na tarehe zilizopigwa kwenye kopo zisomeke na zisifutike ukisugua kwa kidole, maandishi yasiwe na makosa ya kijinga. Hizo zinasaidia ila si mwisho, wachapaji wa feki nao wamekuwa mafundi. Bora zaidi ni zile zilizopimwa na mtu wa tatu, asiye mtengenezaji wala muuzaji, alama kama NSF Certified for Sport au Informed Sport, na hawa wana tovuti unazoweza kuhakiki bidhaa, Informed Sport hadi namba ya bachi. Usidhani serikali zinapima kila kopo kabla halijatoka, hata Marekani kwa sheria yao ya mwaka 1994 saplimenti haihitaji kuidhinishwa kabla ya kuuzwa.

Kama unashindana kwenye mchezo unaopimwa dawa, alama hizo ni lazima kwako. Kwa kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama kiliingia kwa poda iliyochanganyika.

Ninywe saa ngapi, kabla au baada ya mazoezi?

Ukitaka baada, sawa, kabla pia sawa. Ile hofu ya nusu saa, kwamba ukichelewa mazoezi yamepotea, imetiwa chumvi. Jumla ya siku ndo yenye uzito, kisha kugawa, gramu 20 mpaka 40 kila mlo mara tatu au nne.

Wembamba wasinywe dakika chache kabla ya kula, inawaua hamu na ule mlo wanaacha nusu. Kunywa baada ya chakula au katikati ya milo.

Maji au maziwa? Na maji ya moto yanaua protini?

Maziwa, kwa sababu unataka kalori. Moto hauui protini, unaibadilisha umbo tu kama yai linavyobadilika likipikwa na thamani yake iko palepale. Shida ya moto ni mabonge: ukimwaga wei kwenye uji unaochemka inaganda kama jibini lililokatika. Acha uji upoe mpaka unaweza kunyweka, koroga poda pembeni na maziwa baridi kidogo, ndo umimine.

Kwenye chupa ya kutikisa tangulia kimiminika, poda ifuate, vinginevyo inakamata chini na kwenye kona. Na ioshe saa hiyohiyo. Chupa ya wei iliyolala ndani ya begi imefungwa, ukiifungua kesho yake jimu nzima itajua ni wewe.

Nikinywa tumbo linajaa gesi na kuendesha, shida nini?

Mara nyingi laktosi. Jaribu nusu skupu kwa maji, ikitulia hamia isoleti au ya mimea. Ikibaki vilevile angalia vitamu bandia kwenye lebo, hasa vinavyoishia na "-itoli", hivyo navyo vinaleta gesi. Lakini ukivimba midomo, ukiwashwa mwili au pumzi ikabana, hiyo ni aleji ya protini ya maziwa, isoleti haitakusaidia, acha kabisa na muone daktari.

Inaharibu figo?

Mwenye figo nzima, kwa viwango tulivyosema, tafiti hazijaonyesha kuharibika. Mwenye ugonjwa wa figo ni habari nyingine, protini nyingi inaweza kumharakishia, na tatizo ni kwamba wengi wenye figo mbovu hawajijui. Kama una presha, kisukari, au kwenu kuna historia ya figo, pima kwanza, ni kipimo cha damu na mkojo tu. Na kama unatumia kriatini mwambie daktari, maana inaweza kupandisha kreatinini (taka ya kwenye damu inayopimwa kuangalia figo) kwenye majibu na ikaonekana figo zina shida wakati hazina.

Nyingine ambayo hawaandiki kwenye kopo: madini ya kalsiamu kwenye poda za maziwa yanazuia baadhi ya dawa zisifyonzwe, mfano doxycycline, ciprofloxacin na levothyroxine. Uliza mfamasia uache masaa mangapi kati yake.

Wasichana wakinywa watajazia kama wanaume?

Hapana. Ile miili inahitaji testosteroni nyingi, poda haina. Mjamzito au anayenyonyesha aulize kliniki kabla.

Situmii maziwa wala nyama. Ya mimea inajenga?

Inajenga ukifikisha jumla ya siku. Protini ya njegere ina upungufu wa methionini, ya mchele ina upungufu wa laisini, zikichanganywa zinazibiana mapengo, kwa hiyo tafuta iliyochanganya au chukua soya. Ongeza kipimo kidogo kwa sababu leusini yake iko chini kuliko wei. Jambo moja la kuangalia, mimea inafyonza risasi na kadimiamu kutoka ardhini, na kakao nayo inabeba, hivyo ya mimea yenye ladha ya chokoleti ndo ya kwanza kuidai cheti cha vipimo vya metali nzito.

Na kriatini, BCAA, kolajeni?

Kriatini monohaidreti ndiyo, gramu 3 hadi 5 kila siku, haina haja ya aina za majina marefu. Kilo moja au mbili za wiki za mwanzo ni maji yanayoingia kwenye misuli, usianze kutangaza. BCAA (amino asidi tatu, leusini ikiwemo) okoa hela yako, zipo tayari ndani ya wei. Kolajeni (protini ya ngozi na mifupa ya wanyama) haina triptofani, amino asidi ambayo mwili unaihitaji, na leusini yake ni kidogo, kwa misuli haifai.

Kuna vidonge vya kunenepesha wiki mbili tu, mbona ni rahisi kuliko poda?

Vingi ni cyproheptadine, dawa ya aleji inayoleta njaa na usingizi, au dexamethasone, ambayo ni steroidi. Hii ya pili inajaza uso na tumbo kwa maji na mafuta, inapandisha sukari na presha, inamomonyoa mifupa na misuli ileile unayoitafuta, na ukiizoea tezi zako zinaacha kutengeneza homoni yake hadi kuiacha ghafla kunaweza kukuua. Ukiwa umeshaitumia kwa wiki kadhaa usiache kienyeji, nenda hospitali wakupunguzie taratibu. Poda isiyo na lebo inayouzwa kwa kupimwa kwenye mifuko iogope kwa sababu hizohizo.

Mdogo wangu ana miaka 15, anataka.

Mlishe. Mayai, maziwa, maharage, milo minne na alale. Ikibidi, wei ya kawaida skupu moja si sumu kwake, ila geina na hasa zile poda za kuchangamsha kabla ya mazoezi zenye kafeini nyingi asiziguse.

Nimetumia mwezi mzima, mzani haujasogea.

Kalori hazijazidi, hamna fumbo hapo. Ongeza 300 mpaka 500 kwa siku juu ya unazokula saivi, jipime asubuhi kabla ya kula mara kadhaa kwa wiki uchukue wastani. Kasi nzuri ni robo hadi nusu ya asilimia ya uzito wako kwa wiki, mtu wa kilo 60 ni gramu 150 mpaka 300. Inaonekana ndogo, ila ukienda mbio zaidi ya hapo sehemu kubwa ya ziada inakuwa mafuta. Baada ya wiki mbili kama bado, ongeza tena 200. Angalia pia kama vyuma unavyobeba vimepanda, kama miezi mitatu unanyanyua kilo zilezile basi misuli haina sababu ya kukua hata ukioga protini.

Nikiacha poda misuli inanywea?

Ukiacha poda na chakula kikaziba pengo, hapana. Ukiacha mazoezi, ndiyo, taratibu.

Kopo likishafunguliwa linakaa muda gani?

Fuata lebo, nyingi zinasema miezi kadhaa tangu kufunguliwa. Adui ni unyevu: usichote na skupu iliyoloa, usiweke juu ya jiko, friji pia haifai kwa sababu kila ukitoa kopo linatoa jasho. Mabonge laini yanayovunjika kwa kidole si tatizo, ila ikinuka kama mafuta yaliyochacha, ikibadilika rangi au ukiona madoa, mwaga. Na skupu mara nyingi imezama chini kabisa, usiingize mkono, chovya kijiko kikavu uifukue. Siku ya kwanza ipime kwenye mzani wa jikoni, mara nyingi skupu iliyojaa mpaka juu inapitiliza gramu zilizoandikwa, ndo maana kopo la vipimo 30 linakuishia siku ya 24 unaanza kumshuku mwenzio wa chumbani.